Ndigana ya Kiangazi

Lingeka, Meatu
19 Agosti 2023

Mwanangu Jenipha,

Mwangaluka. Najua utaisoma mchana ukiwa ofisini, lakini mimi naandika asubuhi kabla jua halijachoma, kwa hiyo salamu yangu ibaki ya asubuhi. Huku tunapumua. Mama yako mdogo Nyamizi goti limemwachia, ameanza tena kwenda kisimani mwenyewe na kugombana na watu hukohuko, ndiyo dalili kwamba amepona. Pamba tumeuza. Padre alikuja Jumapili iliyopita, akabatiza watoto kumi na mmoja, na wazazi wao wote nilishawafundisha katekisimu mimi, kwa hiyo ujue nazeeka. Mjukuu wangu Elizabeth anasemaje na shule? Mwambie babu anamwekea karanga.

Usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Sikio langu la kulia limekufa, lazima niweke sauti kubwa, na simu nachaji dukani kwa Joakim. Nikiongea na wewe, kila aliyekuja kununua sukari anachangia. Marcelo wa gari la mnadani ni mwaminifu, atakufikishia hii.

Sasa jambo lenyewe. Kati ya ng'ombe wenu, wale alioacha marehemu kaka yangu Mabula, baba yako, wawili wamekufa. Ni yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, na mtamba wake. Ni ndigana. Tezi zilivimba chini ya masikio, wakakataa majani, wakawa wanahema kwa shida na povu puani, na siku ya nne hawakuamka. Ngozi sikupata njia ya kuzileta. Nimekuwekea masikio kwenye chumvi, alama ya ukoo utaiona mwenyewe. Waliobaki ni kumi na tisa.

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa anakuja kupe.

Baba yako mdogo,
Nkinda Magese


Bariadi
5 Septemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Barua imefika na kifurushi kimefika. Nashukuru kusikia mama mdogo anagombana. Elizabeth yuko darasa la tatu, ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Baba yake yuko Lamadi wiki hii kwa biashara ya dagaa. Mimi ni mzima, ila kazi imenibana.

Baba mdogo, nina swali, na kuuliza si ujinga. Kazi yangu unaijua. Kila mwezi taarifa za magonjwa ya mifugo zinatoka kwenye kata zinakuja mezani kwangu, nazijumlisha, nachora grafu. Ndigana ina majira yake. Mvua zikianza Novemba kupe wanaamka, Desemba wagonjwa wanapanda, Machi na Aprili wanajaa, Juni wanashuka. Kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa miaka yote minne niliyo nayo, kata yenu haina mgonjwa hata mmoja. Sifuri. Ungeniambia njaa ningekuelewa. Ungeniambia nyoka ningekuelewa. Ndigana mwezi wa nane, majani yamekauka na ardhi imepasuka, imetokea wapi?

Halafu ngozi. Tangu nikiwa mtoto najua kwamba mtu akilisha ng'ombe wa mwenzake na ng'ombe akafa, ngozi inarudi kwa mwenyewe. Ni wewe uliyenifundisha. Nakukumbuka ukitembea na ngozi mbichi begani, nzi wamekuzunguka, kwa ajili ya ndama mmoja tu wa watu. Leo kwa ng'ombe wa marehemu kaka yako unaniletea masikio. Ngozi inasema ng'ombe amekufa. Sikio linasema ng'ombe amekatwa sikio.

Kifurushi kilikuwa kinanuka, sikukifungua. Nimempa Deogratias wa maabara akiweke kwenye friji.

Naomba unieleze. Sikushtaki, nauliza.

Mwanao,
Jenipha Mabula


Lingeka
3 Oktoba 2023

Mwanangu Jenipha,

Mwadila. Leo naandika jioni. Goti la mama yako mdogo limerudi pale pale, na ugomvi umehamia nyumbani. Joto ni kali. Kisima cha chini kimebaki tope, wanawake wanakesha wakisubiri ndoo moja. Mwambie Elizabeth acheke tu. Mimi meno yameniisha na bado nacheka.

Barua yako nimeisoma. Umesoma sana, mwanangu, na mimi nilijivunia ulipokwenda chuo. Lakini majira yako yameandikwa kwenye karatasi, na kupe hawajui kusoma.

Yule mweupe mwenye mimba naye amekufa, tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita. Ugonjwa uleule. Nimekuletea sikio. Ngozi sikuweza. Unaposoma hapo utakunja uso kama alivyokuwa anakunja mama yako, lakini ndivyo ilivyo, sikuweza, na usiniulize tena kwa nini sikuweza. Yako mambo ambayo mtu anayekula mshahara wa serikali akishayajua, ugali unamkwama kooni. Mimi nakutakia ugali ushuke.

Wamebaki kumi na wanane. Nawachunga kama ninavyochunga roho yangu.

Wasalimie wote.
Nkinda Magese


Bariadi
17 Oktoba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Pole na goti la mama mdogo. Nimempa Marcelo dawa ya kuchua na kilo mbili za dagaa. Sisi tuko salama.

Juzi mnadani nilikutana na Salu, yule dalali wa ng'ombe aliyekuwa anakuja nyumbani enzi za baba. Tulisalimiana, nikamwambia unaendelea vizuri. Akacheka. Akaniambia, "Nkinda? Nilimpita Julai alfajiri, anaswaga ng'ombe kuelekea mashariki na wenzake wawili. Nikamsalimia, hakuitika."

Nikamwambia labda ni sikio lako, halisikii. Salu akasema, "Na kengele nazo zilikuwa hazisikii? Ng'ombe wote shingo tupu."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ng'ombe anayekwenda malishoni anavuliwa kengele ya nini? Kengele anavuliwa ng'ombe ambaye hutaki ajulikane anapita. Hapo kwenu mashariki hakuna ndugu yetu hata mmoja, ila nimesikia kuna njia za wanaonunua bila vibali na kuvusha kwenda mbali.

Sikutaka kufika hapa. Wewe ndiye uliyenipeleka shule baba alipofariki. Lakini nilikaa na wasichana wengi chuoni waliofiwa na baba, na karibu wote wana hadithi moja: baba mdogo, ng'ombe, na mwaka baada ya mwaka wanapungua kwa magonjwa. Nilikuwa nawaambia kwetu si hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia redioni tu.

Nieleze ng'ombe walikwenda wapi Julai. Neno moja linatosha. Usiponijibu mpaka mwisho wa mwezi huu nitapeleka jambo hili kwa sungusungu wa kijiji, wao wakuulize.

Jenipha


Bariadi
29 Novemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi ni wazima, mvua huku zimechachamaa, barabara ya Ngulyati ilikatika siku mbili.

Marcelo ananiambia barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma palepale umesimama, ukaikunja, ukaiweka mfukoni, ukamuuliza habari za mvua.

Leo nimemwandikia Kashindye, kamanda wa sungusungu. Nimemweleza ng'ombe watatu waliokufa bila ngozi, miezi isiyokuwa na kupe, na kengele. Nimeambatanisha takwimu za miaka minne na nikaweka sahihi yangu na cheo changu, ili asiseme ni maneno ya mwanamke mwenye hasira.

Hasira ninayo pia, nisikufiche.

Jenipha Mabula


Lingeka
14 Januari 2024

Jenipha,

Mwangaluka. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mumeo na kwa mtoto. Mvua za mwaka huu hazina adabu, zimebeba choo chetu na nusu ya shamba la mpunga. Nyamizi anakusalimia. Alitaka nisiandike salamu zake, nami nimeziandika, kwa sababu najua hasira yake itaisha.

Barua yako ilisomwa kwenye mkutano, tarehe tisa Desemba. Kashindye aliisoma yote na karatasi ya takwimu akaipitisha mkono kwa mkono. Watu waliishika kwa ncha za vidole. Imegongwa muhuri. Sijawahi kuona watu wanaogopa karatasi namna ile.

Akaniuliza, "Mzee Nkinda, Julai ng'ombe uliwapeleka wapi?"

Nikanyamaza.

Akauliza mara ya pili, nikawatazama waliokaa kwenye mabenchi. Ni majirani zangu wa miaka arobaini, nimewafundisha sala, nimewazikia wazazi wao. Kila mmoja alikuwa anajua jibu. Kashindye mwenyewe alikuwa analijua kuliko wote. Hakuna aliyeinua macho. Wanasubiri niseme na wanaogopa nisije nikasema. Mtu mmoja alianza kukohoa, akakohoa muda mrefu sana.

Nikasema, "Sina la kusema. Ng'ombe walikufa kwa ndigana."

Wakaamua. Nitoe dume mmoja achinjwe, niombe radhi kwa kula mali ya yatima, na mpaka nitakapomtoa nisisalimiwe, nisiazimwe jembe, mke wangu asichote maji pamoja na wenzake, na nisisimame mbele kusalisha kanisani. Atakayekula kwangu, naye atakuwa kama mimi.

Dume ninaye, yule mweusi. Sikumtoa. Nikimtoa nimekiri, na mimi sikumwibia kaka yangu.

Wiki ya tano hii. Nyamizi anakwenda kisimani saa nane mchana, jua la utosi, wenzake wakiwa wametoka. Hana wa kugombana naye. Jumapili nakaa benchi la mwisho karibu na mlango na kijana niliyemfundisha mwenyewe ndiye anasoma, anakosea majina ya manabii, na mimi nauma ulimi.

Uliniomba neno moja. Ningekuwa nalo la kwangu peke yangu ningekupa. Ila nataka ujue nilivyojisikia. Siku ile baada ya mkutano nilikwenda zizini nikalia, mtu mzima, nimeshika nguzo.

Nkinda


Bariadi
3 Februari 2024

Baba mdogo, shikamoo. Shikamoo mara ya pili, kwa zile nilizokunyima.

Elizabeth ana malaria lakini ameshaanza kula. Baba yake amerudi. Haya ndiyo ya nyumbani, mengine yote ni aibu yangu na nitayasema moja kwa moja.

Mwezi uliopita nilitakiwa kuandaa ripoti ya mwaka. Nikachora kama kawaida, wagonjwa wa ndigana wanapanda na mvua, wanashuka na jua, kata yenu sifuri kiangazi chote. Safari hii nikasema niziweke karatasi zenyewe pembeni, zile za asili zinazoletwa kwa mkono, ili kama tungefika mahakamani niwe nazo. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kukumaliza, nisikudanganye.

Nikafungua faili. Mei ipo. Juni ipo. Julai hakuna karatasi. Agosti hakuna. Septemba hakuna, Oktoba hakuna. Nikarudi mwaka wa nyuma yake, vivyo hivyo, na wa nyuma yake. Nikampigia mtaalamu wa mifugo wa huko. Akashangazwa na swali langu. "Dada, mimi wagonjwa nawahesabu siku ya kuogesha. Kiangazi josho halina maji, siogeshi. Na ng'ombe wenyewe kiangazi nitawahesabu wapi? Hawapo."

Sasa zile sifuri zilitoka wapi? Nilikaa nimeshika kalamu mpaka chai ikapoa. Zilitoka kwangu. Kompyuta inagoma kusonga mbele kisanduku kikibaki kitupu. Kila mwezi, taarifa ya kata isipofika, mimi nilikuwa naweka sifuri, nabonyeza, naenda nyumbani. Miaka minne. Halafu nikaamini. Halafu nikazigonga muhuri nikazituma kijijini zikakuhukumu.

Nilimwendea Deogratias, nikamwomba vifurushi vyako, maana na kile cha Oktoba nilimpa bila kukifungua. Masikio yote matatu alikuwa bado anayo. Akayafungua mbele yangu juu ya sinia, akaingiza kibanio ndani ya sikio la yule mweupe, akaanza kutoa kupe. Wakubwa, wadogo, wengine kama mbegu ya ulezi, wamejipanga hadi ndani kabisa. Hakumaliza kuwahesabu. Sikio lilikuwa ndiyo taarifa ya Septemba, Baba mdogo, na mimi nililikimbia kwa sababu ya harufu.

Akaniuliza walikufa kwa siku ngapi. Nikamwambia nne. Akauliza, wakubwa au ndama? Wakubwa. Akanitazama. Akasema ng'ombe mzima aliyekulia Meatu ndigana ya nyumbani ameizoea, haimwangushi haraka hivyo. "Ndigana ya namna hiyo, na kiangazi, naijua moja. Kupe aliyeng'oka kwa nyati. Hao ng'ombe walikuwa wanakunywa maji na nyati."

Nyati hawanywi kwenye bwawa la kijiji. Nikakumbuka kengele. Nikakumbuka mashariki. Mliwaingiza hifadhini, kijiji kizima, kwa sababu huko ndiko kuliko na majani na maji, na mkikamatwa mifugo inataifishwa na watu wanafungwa. Ndiyo maana ngozi haikutoka. Nani atoke msituni na ngozi mbichi begani? Na ndiyo maana wote waliinamisha vichwa. Walikuwa na ng'ombe wao hukohuko.

Nitamwandikia Kashindye leo hii nimweleze kila kitu, niandike na mahali, wakurudishie jina lako. Nisamehe. Sijui neno jingine.

Jenipha


Lingeka
12 Februari 2024

Mwanangu,

Pole kwa mtoto. Mpe uji wa ulezi, malaria inamaliza damu.

Barua yako ya tarehe tatu imo ndani ya bahasha hii. Nimeirudisha. Kwangu haina mahali pa kulala, wewe uichome.

Usimwandikie Kashindye mahali. Usimwandikie mtu yeyote. Karatasi yako ya kwanza ilipita mikono ishirini, na hii itapita mingapi, na ya mwisho itakuwa mkono wa nani? Zipo kaya thelathini na saba. Kiangazi kile kisima kilikuwa tope, uliniuliza ndigana imetokea wapi, hukuniuliza ng'ombe wanakunywa wapi. Tungekaa nyumbani wangekufa wote ishirini na mmoja na usingehitaji dalali wa kukuambia.

Unataka kunirudishia jina. Utanirudishia jina, na wanaume wa hapa watapelekwa mahakamani, na mimi nitabaki na jina langu safi katikati ya wake zao. Jina hilo la kufanyia nini?

Sikukuambia kwa sababu wewe ungelazimika kuchagua kati ya kazi yako na mimi. Sasa umejua, nami nakuona umeanza kuchagua. Acha. Nimeshazoea benchi la mlangoni. Kuna upepo.

Nyamizi amesoma barua yako kabla sijaifunga. Mchana alipika dagaa wako, ambao walikaa kwenye debe tangu Oktoba.

Baba yako mdogo,
Nkinda


Bariadi
2 Machi 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Elizabeth amepona, amerudi shule. Jino linaota. Mwambie mama mdogo nilisoma habari ya dagaa mara tatu.

Barua nimeichoma. Nimekusikia. Lakini kukaa nimenyamaza na wewe umekaa mlangoni, hilo sikuliweza, na nimefanya jambo ambalo utalisikia kwa wengine usipolisikia kwangu.

Nimemwandikia Kashindye. Mahali sikuandika. Nimemwandikia kwamba ngozi zote tatu zilinifikia, Agosti na Oktoba, zikiwa na alama ya ukoo, na kwamba nilizipokea mimi mwenyewe nikazificha. Nimesema nilitaka ng'ombe wa baba yangu wahamishiwe kwetu Bariadi na nikakosa sababu, nikatengeneza sababu. Takwimu nimesema zilikuwa na makosa na makosa ni yangu, na hilo peke yake ndilo la kweli katika barua nzima. Kengele nimesema ni maneno ya mnadani. Marcelo amekubali kuitikia akiulizwa. Nimeweka sahihi na cheo, kama mwanzo.

Watakubali. Wanajua ni uongo, lakini ni uongo unaowasaidia wote, hakuna atakayeuchunguza. Wewe unatoka kwenye wizi na wao wanabaki salama. Anayechafuka ni mimi, na mimi ndiye niliyeleta uchafu.

Najua mtu anayemsingizia baba yake huko kwetu hutozwa nini. Wakinitoza, nitakuja kutoa. Wakinitenga, nitakuja nitengwe mbele ya macho yao. Hapa ofisini nimeanza kuandika kwa kalamu kwenye kila kata isiyoleta karatasi: taarifa haikufika. Bosi amelalamika kwamba ripoti inaonekana chafu.

Bado naogopa kukuangalia usoni. Ningependa kusema siogopi.

Mwanao, kama bado,
Jenipha


Lingeka
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu Jenipha,

Mwangaluka, na heri ya Pasaka. Jana nimesalisha mimi. Nilikuwa nimekaa kimya Kwaresima yote na sauti ilitoka imekauka, lakini majina ya manabii yalitoka sawasawa.

Barua yako ilisomwa Jumamosi ya wiki ya nne ya mfungo. Kashindye alipofika pale uliposema ngozi zilikufikia, nilisikia mabenchi yakilia. Ni watu walikuwa wanajiachia, wanapumua. Hakuna aliyeuliza swali. Marcelo alikuja na shati lililofuliwa maalumu kwa ajili ya kutoa ushahidi, akarudi nalo bila kuitwa. Wakasimama mmoja mmoja wakaja kunisalimia, na wale waliokuwa wa kwanza kuja ni wale walioinama zaidi. Niliitika. Nyamizi alikataa kuitika kwa siku mbili nzima, siku ya tatu akagombana na mtu kisimani.

Nilikasirika na uongo wako. Nataka ulijue hilo. Mimi ni katekista na nilikaa pale nikasikiliza binti yangu anadanganya kwa ajili yangu, nikanyamaza tena, ni mara ya pili nanyamaza kwenye benchi lile. Nimeungama kwa padre. Ameniuliza kama najuta, nikamwambia sehemu.

Ila hujaniuliza kuhusu adhabu yako, na lazima nikueleze kwa sababu wameimaliza. Walikaa. Wakasema binti aliyemsingizia baba yake atoe dume. Mmoja akasema ana mume, mume atoe. Kashindye akasema hapana, huyo mume ni mtu wa ziwani hatumjui, na kosa ni la kwa baba yake, basi atalipa baba yake. Mwingine akasema baba yake alishakufa. Halafu wote wakageuka wakanitazama mimi.

Nimemtoa yule mweusi. Kwa jina la mwizi nilikataa kumtoa, kwa jina la baba sikuweza kukataa. Alichinjwa Jumamosi iliyopita. Nyama ni ileile wangekula Desemba, ila safari hii kila aliyekuja kuchukua fungu lake alinisalimia kwanza.

Njoo na Elizabeth shule ikifungwa. Niangalie usoni, hakuna kitu cha kutisha, ni uzee tu.

Baba yako,
Nkinda